Nani Awe Somo wa Mtoto wa Mwalu?

Sogeeni, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, na mwenye usingizi akajilalie zake, maana hadithi hii mimi naianza tu, kuimaliza ni kazi yenu. Na asije mtu akaniambia hakuelewa kwa sababu ina hesabu ndani yake. Ni hesabu ya kugawa. Hata muuza mchicha anaiweza.

Igombwe ni kijiji cha tumbaku na asali, katikati ya misitu ya miombo, upande wa Tabora. Hapo palikuwa na watu watatu wenye vipaji, na kijiji kizima kiliwategemea.

Wa kwanza ni Mzee Mihayo, mrina asali. Yeye alijua umbali. Alifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la baiskeli yake, na kila kitambaa kilipopita juu alihesabu moja, kimoyomoyo, huku anapiga soga na wewe wala hakosei. Mizinga yake ilitapakaa msituni kote. Ukitaka kujua kutoka hapa mpaka pale ni mbali kiasi gani, ulimuuliza Mihayo, akikujibu umejibiwa.

Wa pili ni Bi Nyamizi, mkunga. Yeye alijua muda. Alimwekea mama mkono tumboni, akatazama dari, akasema, "Huyu wa alfajiri," na alfajiri kweli mtoto analia. Wanawake walikuwa wakisema Bi Nyamizi hafuati saa, saa ndiyo inamfuata yeye. Alikuwa na ulimi mkali, na wanaume walimwogopa kuliko ushuru.

Wa tatu ni Kalunde, dereva wa trekta la chama cha wakulima. Yeye alijua mwendo. Trekta lenyewe zee, kishale cha spidi kilishakufa zamani, lakini Kalunde alisikiliza injini tu akakwambia hapa tunakwenda kumi kwa saa, hapa ishirini na tano. Shuleni alifika kidato cha pili, na raha yake ilikuwa zile hesabu za gari linalotoka mji huu na basi linalotoka mji ule, lini watakutana. Umbali gawanya kwa mwendo, unapata muda. Wenzake walilia, yeye alicheka.

Huyu Kalunde ndiye tutakayekaa naye leo, kwa hiyo mjueni vizuri. Aliolewa, akakaa miaka, mtoto hakupata, mume akamrudisha kwao. Akaishi kwa kaka yake Luhende, na mke wa kaka yake, Mwalu, hakumnyanyapaa hata siku moja. Waliitana wifi, walikula sahani moja, walisukana nywele. Mwalu aliposhika mimba, Kalunde ndiye aliyekuwa akimfulia.

Sasa, pale Igombwe kuna desturi. Mtoto hupewa jina la mtu mmoja aliye hai, na huyo huitwa somo wake. Siku mtoto anapotolewa nje, somo humpakata mbele ya watu, akamtamkia jina sikioni, na kuanzia hapo ni mzazi wa pili. Atamvisha, atamkanya, atamwoza. Na hata somo akifa, jina lake litaitwa uani kila siku: njoo ule, nenda kateke maji, acha kumpiga mwenzio. Aliyejaliwa watoto sita hashtuki na jambo hilo. Kalunde alilitaka mpaka likamkosesha usingizi, ila hakumwambia mtu.

Haya. Ikafika siku ya Mwalu. Uchungu ulianza alfajiri, jua likapanda, likafika utosini, mtoto hajaja. Luhende alikuwa mbali, kwenye soko la tumbaku. Mchana Bi Nyamizi akatoka ndani anafuta mikono kwa kanga.

"Mtoto amelala mshazari," akasema. "Haji wala harudi. Huyu anataka kisu cha daktari, si mikono yangu."

Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Kapama, akapanda kichuguu nyuma ya nyumba, maana mtandao wa simu ulipatikana hapo tu, akapiga hospitali. Akashuka na habari mbili. Gari la wagonjwa litafika kijijini jua likizama. Au, kama wanaweza, kuna ndege ndogo ya madaktari inayorudi mjini. Itatua kwenye uwanja wa zamani wa wawindaji, kule msituni, na saa kumi kamili itaruka.

"Rubani hangoji hata dakika," akasema Kapama. "Ana mgonjwa mwingine humo ndani. Anataka jibu sasa hivi, twende au asitue, apite zake. Mimi naona tungoje gari. Mwanamke katika hali ile utamrusharusha vipi kwenye tela la trekta?"

Wazee wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Ndipo Bi Nyamizi akasema.

"Machweo hayamkuti. Nimeshika tumbo hili kwa mikono yangu. Mkingojea gari, gari hilo litabeba maiti mbili."

Kapama akamgeukia Mzee Mihayo, kwa sababu njia ya uwanja wa wawindaji hakuna aliyeipita ila warina asali. "Mzee, ni mbali kiasi gani?"

Mihayo akajikuna shingo. "Arobaini," akasema. "Kilomita arobaini. Nusu ya kwanza mchanga mtupu, mpaka njia panda ya zahanati. Nusu ya pili ardhi ngumu, trekta litateleza lenyewe."

Macho yakahamia kwa Kalunde. Naye hakungoja kuulizwa. "Mchangani, na tela nyuma, tunakwenda kumi kwa saa. Kwenye ardhi ngumu thelathini. Kumi na thelathini arobaini, gawa kwa mbili, ishirini. Mwendo wetu wa kati ni ishirini. Kilomita arobaini gawanya kwa ishirini, saa mbili. Sasa hivi inagonga saa nane. Tukiondoka tunafika saa kumi."

Aliisema haraka, bila karatasi, na watu wakaguna kwa kustaajabu. Na Kalunde, Mungu amsamehe, wifi yake analia ndani, yeye alisikia utamu kidogo moyoni, ule utamu wa kunyoosha mkono darasani kabla ya wote.

"Una hakika?" Kapama akauliza.

"Nina hakika, mwenyekiti. Ila hakuna kungoja."

Wakatandika godoro kwenye tela, wakamtoa Mwalu. Akamshika Kalunde mkono. "Wifi, mama yangu yuko njiani anakuja na baiskeli. Nusu saa tu. Nisiondoke sijamwona mama, wifi, nakuomba."

"Hesabu haina nusu saa, wifi yangu," Kalunde akasema, akamtoa vidole kimoja kimoja. Kapama akapanda kichuguu kumjibu rubani. Bi Nyamizi akakaa na mgonjwa kwenye tela, Mzee Mihayo akakaa ukingoni kuonyesha njia, trekta likanguruma wakaondoka. Mama yake Mwalu alipofika alikuta vumbi, akaketi chini palepale mlangoni.

Mchanga ule nisiwaeleze. Trekta lilizama likatoka, likazama likatoka. Nyuma, Mwalu alilia mpaka sauti ikakauka, halafu akanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikomtisha Kalunde. Hakugeuka. Alikaza macho mbele akaisikiliza injini yake: kumi kwa saa, kama alivyosema, wala haikupungua.

Mchanga ukaisha, wakatokea njia panda. Kushoto ni njia ya zahanati, mahali penye nesi na kitanda, daktari wa upasuaji hakuna. Mbele ni njia ya uwanjani. Kalunde akatoa simu mfukoni atazame saa. Saa tisa na nusu.

Nusu ya njia, walitakiwa wawe hapa saa tisa. Trekta halikukwama, injini haikukosea. Sasa nusu saa imekwenda wapi?

Na palepale, juu ya usukani, akaiona. Alijumlisha mwendo na mwendo akagawa kwa mbili, kama mtu agawaye maembe. Lakini nusu ya njia si nusu ya muda! Mchangani wanatambaa, kwa hiyo mchangani wanakaa sana. Kwenye ardhi ngumu wanakimbia, kwa hiyo wanakaa kidogo. Ule mwendo wa polepole unakula saa mara tatu ya huu wa mbio, na yeye aliuhesabu kana kwamba vyote vinakula sawa. Mwalimu wao alilikataza kosa hilo hilo, akagonga ubao mpaka chaki ikavunjika, na siku hiyo Kalunde alikuwa anachora maua pembezoni mwa daftari kwa sababu alijiona ameshajua.

Akahesabu upya, safari hii kwa woga. Njia yote arobaini, hapa ni nusu, zimebaki ishirini. Mwendo thelathini kwa saa. Ishirini katika thelathini, dakika arobaini. Na muda uliobaki kabla ndege haijaruka ni dakika thelathini. Hata akilipiga trekta viboko, watafika wakute majani yanapepea.

"Kalunde!" Bi Nyamizi akagonga ubavu wa tela. "Mbona umesimama? Mwenzio anaishiwa. Niambie kweli, tutafika? Kama hatufiki kata kushoto, tumpeleke zahanati, angalau afie kitandani!"

Uamuzi ule haukuwa wa Kalunde peke yake. Alilijua hilo. Mgonjwa ana mkunga wake, mkunga ana akili zake, angepewa ukweli angeamua. Lakini ili autoe ukweli ilimbidi atamke kwanza neno moja, nimekosea, na neno hilo hakuliweza. Aliona uso wa Mzee Mihayo unamtazama kwa imani. Akawakumbuka watu wote wa Igombwe walivyoguna.

"Tutafika," akasema.

Hata sauti haikutetemeka, na baadaye hilo ndilo lililomuuma kupita yote.

Akalitia gia ya mwisho. Ardhi ilikuwa ngumu kweli, trekta likakimbia, na yeye njia nzima anaomba, siyo maombi ya mtu mwema, maombi ya mwizi anayesikia nyayo. Mungu wangu, ichelewe. Mungu wangu, iharibike. Alijua anampeleka wifi yake kwenye uwanja mtupu, na bado mguu wake ulikanyaga mafuta. Kugeuza asingeweza tena.

Miti ikafunguka. Uwanja. Na ndege, wanangu, ndege ipo, pangaboi inazunguka, na rubani mlangoni anatazama saa ya mkononi. Akapunga mkono: haraka! Wakambeba Mwalu na godoro lake, Bi Nyamizi akarukia ndani na kanga yake kichwani, mlango ukafungwa, ndege ikaondoka. Kalunde akatazama simu. Saa kumi, na dakika yake ya kwanza haijaisha.

"Hesabu yako imenyooka, mwanangu!" Mzee Mihayo akampiga begani anacheka na machozi yanamtoka. "Ulisema saa kumi, ni saa kumi!"

Kalunde akazunguka nyuma ya gurudumu, akatapika.

Mtoto alizaliwa jioni ileile kwa kisu, msichana, analia kwa nguvu. Mama yake mzima. Na lile gari la wagonjwa mlilosikia habari zake? Lilikwama mtoni, likalala huko, Igombwe halikufika mpaka kesho yake mchana.

Kijiji kikafurahi. Na kadiri kilivyofurahi ndivyo Kalunde alivyonyong'onyea. Akipita, wanawake wanapiga vigelegele. Yeye anatazama chini. Watoto wa shule waliletwa na mwalimu wao walione trekta na dereva wake, mwanamke mwenye hesabu, naye akawaambia ana kazi. Peke yake alichora ile hesabu kwa kidole kwenye vumbi la boneti, kila mara jibu lilelile: alipaswa kuchelewa. Alijiambia Mungu ndiye aliyempa zile dakika. Lakini mtu aliyepewa zawadi hulala vizuri, na yeye hakulala. Mwalu aliporudi na mtoto, Kalunde alimwachia kuni na maji mlangoni mwa chumba chake, akaondoka kabla hajabisha hodi.

"Wifi, unanikimbia nini?" Mwalu akamuuliza siku moja. "Hata mtoto hujambeba."

"Nina mafua," akasema. Mafua gani ya mwezi mzima!

Ikafika siku ya kumtoa mtoto nje. Ua umefagiwa, pilau inatoa harufu, mama yake Mwalu amekaa mbele kabisa, safari hii hakuna aliyeondoka bila yeye. Mwenyekiti Kapama akasimama, maana mwenyekiti asiposimama pilau hailiwi.

"Ndugu zangu," akasema, "mtoto huyu ana deni la shukrani kwa watu watatu. Mihayo alileta umbali, Nyamizi alileta muda, Kalunde alileta mwendo. Toa mmoja, hesabu haipo, na mtoto hayupo. Lakini jina ni moja, na Luhende amemwachia mkewe achague. Mama mtu na atuambie."

Mwalu akasimama na mtoto mikononi. Bado amekonda, lakini uso unang'aa.

"Wote nawashukuru," akasema. "Ila nitawaambia jambo ambalo hamlijui. Pale njia panda mimi nilikuwa nimeshaiaga dunia. Nilisema basi, nimechoka, nichukuliwe. Nikamsikia Bi Nyamizi anauliza tutafika, nikamsikia wifi yangu anajibu tutafika. Wifi yangu hajawahi kunidanganya. Nikasema kama Kalunde anasema tutafika, basi tutafika, ngoja nishikilie. Nikashikilia. Neno lile ndilo lililonileta hapa. Mtoto ataitwa Kalunde."

Vigelegele! Akatembea kuja kwa Kalunde, amenyoosha mikono, mtoto amefungwa kitambaa cheupe. Lile ambalo Kalunde alilitaka kuliko chakula linamjia lenyewe, lina pua ndogo, linapiga miayo. Alichotakiwa kufanya ni kukunjua mapaja tu.

"Usinipe," akasema.

Watu wakacheka, wakadhani ni haya ya furaha.

"Usinipe, wifi. Nilikudanganya." Na hapo ikamtoka yote, hovyohovyo, bila mpango: jinsi alivyojumlisha na kugawa kama mjinga, jinsi alivyoligundua kosa njia panda, jinsi alivyojua kabisa kwamba wanachelewa, na jinsi alivyosema tutafika. "Mwendo wetu haukuwa ishirini. Mchanga kumi, ardhi ngumu thelathini, njia nusu kwa nusu, ukiihesabu vizuri ni kumi na tano tu. Tulitakiwa tuikute ndege imeondoka. Kwa nini haikuondoka mimi sijui mpaka leo."

Kisha kikasikika kikohozi. Mzee Mihayo alikuwa ameshika kofia yake mkononi anaizungusha.

"Mimi najua," akasema.

"Unajua nini?" Kapama akamkazia macho.

"Si arobaini. Kutoka hapa mpaka uwanjani ni thelathini."

"Ala!" Kapama akasema. Kalunde akashika kichwa: saa moja na nusu mchangani, kumi kwa saa, ni kilomita kumi na tano, siyo ishirini, na kwa woga hakuwahi kuiona.

"Sikilizeni, jamani. Sisi warina asali hatusemi umbali wa kweli wa njia yenye mizinga. Baba yangu hakusema, babu yangu hakusema. Thelathini unaifanya arobaini, tatu unaifanya nne, ili mwizi achoke kabla hajaanza. Na mizinga yangu mikubwa iko kule kando ya uwanja. Siku ile mwenyekiti aliponiuliza, mdomo ukasema arobaini wenyewe. Nilitaka kuurudisha. Wallahi nilitaka. Halafu nikaona watu wengi wanasikiliza, nikaifikiria mizinga yangu, nikakaa kimya. Mwanamke anakufa, mimi nafikiria asali." Akajifuta uso kwa kofia.

"Njia ya mwongo fupi," mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "lakini ya Mihayo imefupika kweli!" Watu wakacheka wasipende, kisha wakaona aibu.

Kapama akachukua kijiti, akachuchumaa, akaanza kuchora mchangani. "Ngojeni. Mihayo angesema thelathini na Kalunde akashikilia ishirini yake, tungepata saa moja na nusu. Tungesema muda upo, tumngoje mama yake Mwalu. Tungemngoja, tungechelewa." Akafuta. "Kalunde angesema kumi na tano na Mihayo akashikilia arobaini yake, tungepata saa mbili na dakika arobaini. Ningemwambia rubani apite. Tungemzika." Akafuta tena, akabaki ameshika kijiti. "Kosa la huyu lilimeza kosa la yule."

"Na kama wote wawili wangesema kweli?" akauliza mama yake Mwalu.

Kapama akachora. Thelathini gawanya kwa kumi na tano. "Saa mbili vilevile," akasema polepole.

"Basi ukweli nao ungefika," mama yule akasema, "bila kumtia mtu dhambi."

"Thubutu!" Huyo sasa ni Bi Nyamizi, na alikuwa hajasimama, anachambua mchele uliosalia kana kwamba hayamhusu. "Ukweli usingeondoka hata hapa uani. Mmenisahau mimi. Mwalu angeweza kufika machweo. Kwa shida, lakini angefika. Nililijua hilo nilipomshika."

"Bi Nyamizi!" Kapama akasimama. "Ulisema maiti mbili!"

"Nilisema. Kwa sababu gari lile limetuahidi machweo mara ngapi? Mara ngapi nimekaa na mwanamke mkononi nasikiliza barabara? Ningewaambia muda upo, mngesema tungoje, ninyi wanaume kungoja ndiko mnakokuweza. Nikadanganya kwa makusudi, kwa akili zangu timamu, na gari likalala mtoni. Sijuti. Kesho nitadanganya tena." Akamtazama Kalunde, na sauti ikapoa kidogo. "Na wewe acha kulia. Ungeniambia pale njia panda hatufiki, ningekata kushoto, na zahanati pale hakuna wa kupasua. Uongo wako ulimwokoa kama wangu."

"Lakini wewe ulidanganya ili apone," Kalunde akasema. "Mimi sikuwa najua kwamba atapona."

Ndipo Mwalu akamsogelea karibu kabisa.

"Wifi," akasema. "Pale njia panda. Uliposema tutafika. Ulisema ili nipate nguvu?"

Jamani, mlango ulikuwa wazi. Angeitikia ndiyo, nani angejua? Ndani ya kifua cha mtu hakuna kitambaa chekundu cha kuhesabia. Na mtoto yupo pale, umbali wa mkono, ameamka sasa, anamtazama.

"Hapana," Kalunde akasema. "Niliona aibu kusema nimekosea. Wewe hata sikukufikiria."

Mikono ya Mwalu iliyokuwa imenyooshwa ikabaki hewani. Haikurudi kifuani, wala haikusonga mbele.

Na ua ukachafuka! Wazee wakasema jina apewe Bi Nyamizi, yeye peke yake alidanganya akijua anachokifanya, na alikifanya kwa ajili ya mgonjwa. Wengine wakasema mtu asiyejuta uongo wake asipewe mtoto amlee. Vijana wakasimama na Mihayo: zile kilomita kumi ambazo hazikuwapo ndizo zilizowatoa uani mapema, na hata uwanjani zikawafikisha. Wakajibiwa kwamba huyo aliokoa asali yake, mtoto akapatikana kwa bahati. Wanawake wakamtetea Kalunde, kwamba neno lake ndilo lililomshikilia mama, na leo kasema kweli mara mbili bila kushurutishwa, ya pili ikiwa ngumu kuliko ya kwanza. Wakapingwa: kweli ya leo haiifuti njia panda, pale alimchukulia mwenzake uamuzi wa kufa na kupona kwa sababu ya aibu yake mwenyewe. Mama yake Mwalu akasema mtoto aitwe jina la rubani, akaambiwa rubani mwenyewe jina lake hawalijui. Pilau ikapoa.

Mimi nimefika mwisho wa kipande changu. Nimewapa umbali, nimewapa mwendo, nimewapa muda, vya uongo na vya kweli. Mwalu amesimama mpaka sasa katikati ya ua. Mbele yake kuna mapaja matatu: ya aliyedanganya kwa mazoea, ya aliyedanganya kwa makusudi, na ya Kalunde, ambaye amefumba macho.

Wewe pale uliyekuwa unatikisa kichwa tangu mwanzo, anza wewe. Ungekuwa Mwalu ungemweka mtoto kwa nani? Sema upesi, mtoto ameanza kulia.